Nilikosa Nafasi ya Kuwa Wewe

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo, kisha nikasimamisha kalamu, kama mjinga vile, nikingoja ile marahaba yako ndefu ya kuvuta, ambayo ukiitoa mtu anajisikia ameamkiwa yeye. Hakuna. Ni Baba tu huko nje anagombana na jembe. Basi nitajiitikia mwenyewe nikuandikie, maana nina habari, na katika nyumba hii habari zote nilikuwa nakuletea wewe kabla sijavua viatu vya shule.

Kwanza ya nyumbani. Baba amehamia hapa kwako Mbwawa. Alikuja kwa arobaini yako, akasema atakaa wiki mbili mpaka mimi nizoee, sasa ni mwezi wake wa nane hapa na amelima hadi kule kwenye kichuguu ulikosema hapafai. Amepanda mihogo na kunde, na mchicha karibu na bomba. Ugali wake ni mgumu, Shangazi. Nikimwambia, anasema ndio ugali wa mwanaume anayejua kesho atalima. Hataki tuguse raba zako zilizo nyuma ya mlango. Anafagia, anazizunguka. Mama Grace, jirani, siku hizi anatembea asubuhi peke yake hadi kwenye kalavati na kurudi, anasema ulimwambukiza. Unakumbuka siku ya kwanza alipohamia, alipokuona unapita mbio gizagiza la alfajiri na kanga juu ya suruali, akatoka na panga akipiga kelele, "Wako wapi? Wangapi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini barabarani. Yeye huko kwao bara hakuwahi kumwona mwanamke mtu mzima anakimbia bila kukimbizwa.

Nakumbuka asubuhi zile kuliko kitu kingine chochote. Umeshaswali, umeshabandika maji ya mchaichai, unanivuta dole gumba la mguu. "Ruki, baiskeli." Mimi nyuma na chupa ya maji na simu ya kuhesabia dakika, wewe mbele. Nilikuwa na miaka tisa uliponichukua kutoka Mzenga nije kusoma Kibaha, na kwa miaka saba nimeuona mgongo wako kuliko uso wako. Ukirudi unaoga, unakula muhogo wa kuchemsha umesimama, unakwenda ofisini kubeba majalada ya watu. Wenzako wanasema hakuna mhudumu wa ofisi aliyepanda ngazi zile kama wewe. Na nikiwa na kisirani, nimegombana na mtu shuleni, uliniambia, "Hewa ingiza kwa pua, hasira toa kwa mdomo." Nimejaribu. Tangu uondoke hewa inaingia, lakini hasira ilikataa kutoka, na hasira hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Unamkumbuka Mwalimu Neema, yule wa Kiswahili, mwembamba, anayesimamia kikundi cha maigizo. Mwezi wa saba tulipofungua shule alituambia kidato cha tatu tutatengeneza igizo la siku ya wazazi, kuhusu wanawake wanamichezo. Hakutaka wale wa kwenye televisheni. Alisema, "Nileteeni wa majumbani kwenu. Mama aliyecheza netiboli, bibi aliyerusha tufe. Wapo, ila hawajaulizwa." Kila mtu aandike kurasa mbili.

Mimi niliandika sita. Niliandika habari zako.

Niliandika ulivyokuwa darasa la saba Mzenga, unawashinda hata wavulana, na ulivyochaguliwa kwenda kukimbia mashindano ya mkoa. Kisha ukavunja ungo, ukawekwa ndani, ukawa mwali. Siku lori la shule lilipopita kuchukua wachezaji, wewe ulikuwa ndani ya nyumba umekaa mkekani. Hayo ndiyo uliyonisimulia, na uliyasimulia hivyohivyo kila mara: "Nikasikia lori linapita, wenzangu wanaimba, mlango ulifungwa, basi." Kisha unacheka, unaniuliza kama nimeanua nguo.

Mlango ulifungwa. Hukusema ulifungwa na nani. Mimi nilijaza mwenyewe. Niliandika kwamba Bibi, mama yako mzazi, aliutia mlango komeo na kukaa mbele yake, miguu ameinyoosha, mpaka lori likapotea. Niliandika hivyo kwa sababu niliamini hivyo tangu nikiwa mdogo. Nitakuambia na hili, usinichukie. Siku ya mazishi yako pale Mzenga, Bibi alininyooshea mikono, mimi nikapita pembeni kama sikumwona. Nilijisemea, huyu alimfungia Shangazi alipokuwa hai, leo anamlilia nini.

Mwalimu Neema alichagua habari tatu akazifanya igizo moja. Ya kwanza ya mama wa netiboli, ya pili ya mrusha tufe, na ya mwisho, ile ndefu, yako. Jina lako akaliacha kama lilivyo, Zena, baada ya kuniomba ruhusa, nami nikamwomba Baba. Baba aliinama akaendelea kung'oa magugu. Baadaye akasema, "Mwambie aliandike vizuri."

Usaili ulifanyika Jumatatu baada ya vipindi, kwenye bwalo. Wasichana tisa tulitaka kuwa Zena. Tisa! Ungewaona ungesema hawa wote walikuwa wapi siku za mbio za shule. Mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilifua shati, nikapiga pasi, nikafunga mkononi kitambaa chako cha bluu cha kukimbilia. Maneno yale niliyaandika mimi. Shangazi ni wangu. Nani angekuwa wewe zaidi yangu?

Kila mmoja alitakiwa kuigiza kipande kimoja tu: mwali yuko ndani, anasikia lori. Mwalimu alikaa mbele na walimu wenzake wawili, daftari magotini. Nilikuwa wa nne. Nikakaa mkekani. Nikafungua mdomo niseme, "Wanakuja, nawasikia," nikaona mkeka mwingine. Nikaona ule mkeka ambao ulilazwa juu yake sebuleni kwetu, na wanawake wakitandaza shuka nyeupe, na mama mmoja akiniambia toka, mtoto usikae hapa. Sauti ikakatika. Nilisema maneno yote, sikuruka hata moja, lakini niliyasema huku machozi yakinidondoka hadi kwenye kola, na nilipomaliza wasichana wawili pale nyuma walikuwa wanalia pia. Nikadhani nimeshinda.

Mwalimu Neema alikuja akachuchumaa mbele yangu. Akasema polepole, wasisikie wengine, "Rukia, pole sana. Lakini wewe unamlilia. Katika igizo hili Zena hajafa. Ana miaka kumi na mitano na anataka kwenda kukimbia."

Aliyefuata baada yangu ni Janeth. Humjui, amehamia mwaka huu, baba yake amehamishiwa kikazi kutoka mikoa ya bara. Mrefu, mkimya, wali anaula kwa uma. Hakuwahi kuona mwali maishani mwake. Alikaa mkekani, akatulia. Kisha akainua shingo. Shangazi, alianza kwa kutabasamu! Alilisikia lori akafurahi. Akawa anazitambua sauti, anahesabu kwa vidole, huyu fulani, huyu fulani, akapiga makofi kufuata wimbo wao, akainuka nusu kama anayetaka kwenda. Ndipo akakumbuka yuko wapi. Hakulia. Alikaa tu tena, taratibu, akafuta vumbi kwenye mkeka kwa kiganja. Nikajua palepale, na nikamchukia palepale.

Jumatano majina yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Zena: Janeth. Nikashuka kwa kidole, natafuta langu kwa wale wa kubeba viti. Nikalikuta mstari wa pili. Mama yake Zena: Rukia.

Nilikwenda ofisini kwa walimu bila hata kupiga hodi vizuri. Nikasema siwezi. Nikasema yule mama namjua, ni bibi yangu, na sitaki kuvaa kanga yake wala kusema maneno yake. Mwalimu Neema hakunikemea. Alifunika kalamu yake akanitazama.

"Umeandika kurasa sita," akasema. "Katika hizo sita, yule mama anafunga mlango, basi. Hana neno hata moja. Umewahi kumwuliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Mlango ulifungwa. Hiyo ni kauli gani?"

"Ya kutendwa, Mwalimu."

"Nenda kamtafute mtenda. Ukirudi ukaniambia bado hutaki, nitatafuta mwingine."

Jumamosi Baba alinisindikiza hadi Mlandizi, nikapanda gari la Mzenga. Sikumwambia ninachokwenda kuuliza. Siku ile ya lori yeye alikuwa na miaka minne, anakumbuka tu kwamba alipewa muwa.

Bibi nilimkuta uani anamenya mihogo ya kuanika, kwa kupapasa zaidi kuliko kuona. Macho yamezidi kufifia, ila masikio kama ya paka. "Nani huyo anavuta miguu? Ruki?" Nikamwamkia. Marahaba yake ndiyo yako, Shangazi. Sikuwahi kujua umeitoa wapi. Ilinibidi nigeuke nijifanye natafuta kisu.

Tulimenya pamoja kitambo. Kisha nikatoa karatasi, nikamwambia shuleni tunaigiza habari za Shangazi, nikamsomea kipande chote. Nilisoma kwa sauti kavu, sikumpunguzia. Nilipofika pa komeo na miguu iliyonyooshwa, kisu chake kikasimama.

"Mlango niliufunga mimi?" akauliza.

"Ndivyo ninavyojua, Bibi."

"Zena ndiye aliyekuambia?"

Nikafikiri. "Hapana. Alisema ulifungwa."

Bibi akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimojakimoja. Nitakuandikia aliyosema, ingawa wewe unayajua. Ni wewe na yeye tu mliokuwepo.

"Babu yako alitutoka mwaka ule," alisema. "Nikabaki na Zena na huyo baba yako, bado mdogo, kamasi puani. Shamba la ukoo wao, nyumba ya ukoo wao. Mawifi zangu watatu ndio walionishika mkono, na mkono unaokushika ndio huohuo unaoweza kukuachia. Mwalimu wa michezo alikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilimjibu mimi, vibaya. Mara ya pili walimjibu wao. Mwali hajatolewa, jua halimpigi, mwanaume hamwoni, leo apande lori avae bukta? Wakaniambia na mimi, ukimtoa huyo, umejitoa na wewe.

"Siku yenyewe, asubuhi, wao wamekwenda kisimani. Nasikia lori linakuja kutoka shuleni, watoto wanaimba. Mwanangu, miguu ilinipeleka yenyewe. Nikafungua mlango. Nikamwambia, Zena, shika kanga hii, pita nyuma ya migomba, utalikuta pale kwenye kona. Nenda, mimi nitawajibu. Akasimama. Mguu mmoja kautoa nje, mmoja uko ndani. Akaniuliza, 'Mama, watakufukuza?'"

Hapo Bibi alikishika tena kisu, nikadhani amemaliza.

"Ningesema hapana, angekwenda," akasema. "Neno moja tu. Nililitafuta, Ruki. Nikamtazama baba yako yuko pale chini anakula udongo, nikatazama nyumba. Nikanyamaza. Zena akanitazama hivi. Akaurudisha mguu wake ndani, akauvuta mlango mwenyewe. Lori likapita. Mimi niko nje, yeye yuko ndani, na kila mmoja anasikia nyimbo zilezile."

Nikamwuliza kama mliwahi kuzungumza habari hiyo baadaye. Akasema hapana, hata mara moja. Ulitolewa, ukachezwa ngoma nzuri, ukaja Kibaha kufanya kazi za ndani, ukajisomesha jioni, ukawa unamletea sukari na vitenge kila sikukuu, unambusu mkono. "Hakunilaumu hata siku moja," akasema. "Hiyo ndiyo iliyonichoma."

Shangazi, kumbe ulifunga wewe. Miaka yote ile ulisema mlango ulifungwa, ukamficha mama yako na ukajificha na wewe humo humo. Mimi nikaja na kalamu yangu nikamtia komeo mkononi.

Nilimwomba Bibi radhi kwa ile siku ya mazishi. Akasema hakuona kitu, macho yake mabovu. Ni mwongo, aliona. Nililala pale, na asubuhi alinisuka nywele kwa kupapasa, mistari imekwenda kombo, nikarudi nazo shuleni hivyohivyo.

Mwalimu Neema aliponisikiliza hadi mwisho, akachana ukurasa wa mlango. Aliandika upya siku ileile. Sasa mama anafungua mlango. Zena anauliza swali lake. Mama hajibu. Maneno yangu yote katika kipande hicho yalikuwa machache, na sehemu ngumu kuliko zote haikuwa na neno. "Baada ya swali," Mwalimu aliniambia, "nataka uhesabu moja hadi kumi moyoni, mdomo wazi. Usimwonee haya. Mtafutie hilo neno, ulikose." Mazoezi ya wiki nne na bado nilikuwa nafika sita tu naangalia chini.

Na Janeth? Nilijaribu kuendelea kumchukia, ikawa kazi. Kila siku ya mazoezi alinifuata na maswali. Shangazi yako alicheka vipi? Alipenda kula nini? Alikuwa anakasirika? Siku moja nikamwonyesha unavyocheka, ile ya kupiga paja, akaijaribu mara moja akaipata, na mimi nikatoka nje ya bwalo nikasimama karibu na tanki la maji mpaka nikatulia. Alinifuata akasimama na yeye. Hakusema pole. Alisema tu, "Nisipoipata hiyo siku yenyewe, usinikasirikie. Naogopa kuiharibu." Tangu siku ile tunakula pamoja. Nimemfundisha kula wali kwa mkono.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa iliyopita, baada ya swala. Baba alikwenda kumchukua Bibi tangu Alhamisi. Alilala kitandani kwako. Asubuhi nilimkuta ameamka mapema, amekaa ukingoni, anapitisha kiganja juu ya foronya. Nikatoka taratibu.

Bwalo lilijaa hadi madirishani. Bibi tulimweka mstari wa mbele kwa ajili ya macho, Baba kulia kwake, Mama Grace kushoto amevaa kitenge cha harusi. Netiboli ilichezwa, watu wakacheka. Mrusha tufe akarusha, watu wakapiga vigelegele. Kisha zamu yetu. Mlango tulioutumia ulitengenezwa na mafundi wa shule kwa mbao nyepesi, unasimama wenyewe kwenye fremu. Mimi nimevaa kanga ya Bibi yenyewe, aliniletea, na poda nyeupe kwenye nywele. Janeth ndani mkekani. Nyuma ya pazia wenzetu wanaimba, wanapiga ndoo kama lori linavyogonga.

Nikafungua mlango. Nikasema maneno yangu: kanga, migomba, kona, nenda. Janeth akasimama, mguu mmoja nje. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo hata mazoezini hakuitumia.

"Mama, watakufukuza?"

Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nilimtazama usoni, sikuangalia chini. Nne. Tano. Bwalo halikohoi. Nilikuwa nimefika saba niliposikia kiti kinasogea mbele yangu.

Bibi alikuwa amesimama. Ameshika bega la Baba kwa mkono mmoja, na ule mwingine ameunyoosha kuelekea jukwaani, kwa Janeth, si kwangu.

"Hapana," akasema. Kwa sauti kabisa, sauti ya kuita mtu shambani. "Hapana, mwanangu. Hawatanifukuza. Nenda, Zena. Nenda!"

Sikujua la kufanya. Hakuna aliyejua. Mwalimu Neema aliyekuwa pembeni alikuwa ameziba mdomo kwa daftari. Janeth alimtazama Bibi. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ananiuliza, kweli ananiuliza, maana igizo linasema arudishe mguu ndani. Nikamwitikia kwa kichwa. Nikamwachia njia.

Akatoka, Shangazi. Aliuruka ukingo wa jukwaa na kanga yake ya mwali, akapita katikati ya viti, watu wanavuta miguu, wanavuta watoto, akatoka mlango mkubwa wa bwalo hadi uwanjani. Waliokuwa madirishani wakageuka. Kisha mtu akapiga kigelegele, nafikiri Mama Grace, na bwalo zima likainuka kwenda kuangalia. Alizunguka uwanja mzima, mzunguko kamili, vumbi nyuma yake. Wazazi wanapiga makofi hata wasiojua kilichotokea. Mimi nikabaki jukwaani peke yangu na mlango wazi, poda inanitiririka usoni. Sikumaliza igizo. Halikuwa na mwisho tena. Mwalimu Neema alisema baadaye kwamba tuliliharibu kabisa, na alisema hivyo huku ananikumbatia.

Nilimkuta Bibi amekaa, ametulia, Baba analia kama mtoto, wala hafichi. Watu walipopungua, Bibi akanishika mkono.

"Alikuwa anakimbia hivyo?" akauliza. "Kama huyo?"

Ndipo nikajua. Hakuwahi kukuona. Mama yako, Shangazi, hakuwahi kukuona ukikimbia hata mara moja. Ulipokimbia shuleni yeye alikuwa shambani, na Kibaha hukuwahi kumwamsha alfajiri alipokutembelea.

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Janeth anakimbia vizuri. Shangazi alikuwa anakimbia vibaya."

"Vibaya vipi?"

Nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi ya bwalo. Nikakunja kanga, nikavua viatu. Kisha nikamwonyesha. Kichwa kimelalia bega la kushoto kama unayesikiliza siri. Viwiko vimebanwa mbavuni, vidole vimekunjwa isipokuwa gumba, gumba liko juu. Na ule mguno wako kila hatua ya nne. Nilianzia karibu na magoti yake ili aone, nikaenda hadi golini nikarudi, nagunaguna. Bibi alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa pamoja, anasema, "Babu yako! Babu yako alikuwa anatembea hivyo na jembe begani! Rudia." Nikarudia. Akasema rudia tena. Nilirudia mpaka nikaishiwa pumzi, mimi ambaye katika maisha yangu sijakimbia ila kwa baiskeli.

Bibi amerudi Mzenga jana. Nyumba imetulia. Baba amemaliza kugombana na jembe, naona ananawa miguu, na mimi sijawasha jiko.

Basi nikuage. Nilitaka kuwa wewe nikakosa, na nimeacha kununa. Ahadi yangu ni hii. Bibi ana mtoto aliyeishi miaka mingi mbali na macho yake, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako na chupa ya maji. Kila likizo nitakwenda kwake, nitamenya naye mihogo, nitamsimulia siku moja ya maisha yako, siku nzima, tangu ulipoamka mpaka ulipozima taa, bila kuficha na bila kuongeza. Nitamsimulia na zile ulizokuwa na kisirani. Nimemwambia zipo nyingi, huenda tusizimalize. Amesema nianze tu, yeye ana muda.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali penye nafasi, Shangazi, pasipo na wa kukuuliza unakwenda wapi.

Mwanao,
Rukia